Gumba la Chedego

Kulikuwa na wakati ambapo marimba hayakuwepo. Mti wa kuyachonga ulikuwepo, chuma kilikuwepo na vidole vilikuwepo, lakini hakuna aliyekuwa amevikutanisha. Katika nchi ya vilima vikavu chini ya mlima Chikola, ambako watu hula mtama na uwele na kuhesabu umri kwa mvua, chombo cha heshima kilikuwa zeze peke yake.

Zeze halikuwa la kustareheshea watu tu. Kila mwaka, kabla ya mbegu ya kwanza kutiwa ardhini, koo zote zilikusanyika asubuhi kwenye uwanja mmoja, na kila ukoo ukawataja wafu wake. Siku hiyo iliitwa Siku ya Kutaja. Kila marehemu alikuwa na sauti yake, aliyochaguliwa siku ya kumaliza msiba, na mpigaji aliipiga sauti hiyo kwanza ndipo akatamka jina. Jina lililotamkwa bila sauti yake lilihesabiwa kuwa kelele, kwa sababu wazee walisema mfu haitwi kama ng'ombe aliyepotea. Mtoto wa marehemu, kama alikuwa hai, aliposikia mzazi wake anatajwa alisimama na kuitika.

Ukoo uliofika uwanjani bila mpigaji ulisamehewa mara moja. Mara ya pili, majina yake yalifungwa mkiani mwa majina ya ukoo mwingine, na watu wake wakaitwa kwa jina la wenyeji wao wapya. Hakuna aliyepigwa wala kufukuzwa shambani. Waliacha tu kuwa wao.

Basi ukoo wa Chedego ulikuwa na majina saba. Wapo wanaosimulia kwamba yalikuwa tisa; watu huongeza. Yalikuwa saba, la kwanza likiwa la Chedego mwenyewe, aliyeufungua ukoo. Huyo alikuwa mtu mrefu, mwenye vidole vilivyoweza kunyanyua mtungi uliojaa maji kwa kuushika shingo kwa mkono mmoja. Alipoona uzee unamjia, alichukua fimbo ya mpingo, akalaza juu yake vidole vya mkono wake wa kushoto, kimoja baada ya kingine, na pale ncha ya kila kidole ilipofika akakata alama kwa kisu. Akawaambia wanawe, "Zeze la nyumba hii lipimwe kwa fimbo hii." Hakusema zaidi. Na kwa kuwa hakusema zaidi, wanawe na wana wa wanawe walilipima kila zeze kwa fimbo ile, shingo ndefu na nyuzi zilizoachana, hata pale ambapo damu ya akina mama kutoka koo nyingine ilikuwa imekwisha kuvifupisha vidole vya nyumba ile kizazi baada ya kizazi. Kila kizazi wapigaji walipungua. Mwishowe akabaki mmoja, Mzee Nhembo, na baridi yabisi ikamshika mikono, vidole vikajikunja vikakataa kunyooka.

Nhembo alikuwa na binti wa mdogo wake, jina lake Sechelela. Huyu ndiye tunayemsimulia. Alikuwa mwanamke wa makamo, aliyeolewa mbali na kurudishwa kwao baada ya mvua kumi bila mtoto. Tangu arudi alikaa karibu na baba yake mkubwa, akimpikia, akimkanda mikono kwa mafuta, na akimsikiliza. Majina saba aliyajua kwa mfuatano, na sauti zake saba alizijua vilevile, kwani alizinong'ona akisaga na akipalilia. Zaidi ya Nhembo, hapakuwa na mtu mwingine katika ukoo aliyezijua zote. Lakini vidole vya Sechelela vilikuwa vifupi kupita vyote katika nyumba ile ya vidole vifupi. Vinene, vya mviringo, kama karanga zilizo ndani ya maganda.

Mwaka ule mikono ya Nhembo ilipokataa, ukoo wa Chedego ulikwenda uwanjani na kukaa kimya zamu yake ilipofika. Mzee wa uwanja, aliyesimamia Siku ya Kutaja, alingoja kwa muda wa adabu, kisha akasema, "Nyamazeni mwaka huu. Mwakani msinyamaze." Sechelela alisikia kimya kile kikimwingia kama maji ya baridi. Walipokuwa njiani kurudi alimwambia Nhembo, "Baba mkubwa, nifundishe zeze."

"Kwa vidole gani, mwanangu?"

"Hivi nilivyonavyo."

Akafundishwa. Alipiga zeze la ukoo asubuhi kabla ya kwenda shambani na jioni kabla ya kuwasha moto, na kila siku kidole chake cha mwisho kilikomea njiani, kikashika uzi mahali pasipo pake. Jina la mwana wa Chedego lilitoka likifanana na jina la jirani. Alifunga vijiwe kwenye ncha za vidole ili vinyooke, akatembea navyo mikono imening'inia, na hakuvifungua hata alipokwenda kuteka maji. Vidole vilivimba, vikawa vinene zaidi. Urefu haukuongezeka hata kwa unene wa ukucha.

Ndipo alipofanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika nyumba ile. Alichonga zeze lake bila fimbo, shingo fupi ya kumtosha. Vidole vilifika kila mahali bila taabu. Akalipeleka kwa Nhembo, akampigia majina yote saba bila kukosea hata moja. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa mekundu.

"Umewafanya watoto," alisema. "Masikio yako hayasikii? Babu zako wanalia kama watoto wachanga. Huyu uliyempiga mwisho ni Masinga, baba yangu mzazi, mtu aliyekuwa akikohoa na fahali wakageuza shingo. Ataitwaje kwa sauti ya kifaranga?"

Sechelela alisikia kwamba ni kweli. Shingo fupi hutoa sauti nyembamba. Alilivunja zeze lile kwa goti lake mwenyewe, akalitumia kuchemshia uji.

Miezi ikaenda. Wakati wa kupura mtama ulipofika, majirani walikuja kusaidiana kama ilivyo desturi, na miongoni mwao alikuwa Chilewa, binamu yake Sechelela kwa upande wa shangazi, na kwa hiyo mtani wake. Ukoo wa Chilewa ndio uliokuwa umetajwa kwamba utawapokea akina Chedego mkiani mwake, na Chilewa hakuliacha jambo hilo lipite bure. Alimwona Sechelela amekaa pembeni akipumzika, vijiwe bado vimefungwa vidoleni.

"Binamu, hivyo vidole unavianika au umevifunga visitoroke?"

Watu wakacheka. Sechelela naye akacheka, kwani mtani hakasirikiwi. "Nimevifunga visikuzabe kibao," alijibu.

"Visingefika! Vilianza safari pamoja na vya wenzako, vikachoka njiani." Kicheko kikazidi, na Chilewa akanogewa. "Nakwambia ukweli, fungua mawe hayo. Wewe hukupewa vidole. Ulipewa magumba kumi. Na mgumba na magumba yake, wapi na wapi na zeze?"

Kicheko kilikatika. Utani una mpaka wake, na kila mtu aliyekuwa pale aliona kwamba Chilewa ameuvuka. Yeye mwenyewe aliona, akashusha fimbo yake ya kupuria.

"Rudia," Sechelela alisema.

"Nimekosa, binamu."

"Sikukwambia uombe radhi. Nimekwambia rudia. Nimepewa nini?"

"Magumba kumi," Chilewa alisema, akitazama chini.

"Ahsante."

Alifungua vijiwe kimoja kimoja, akavitupa, akaingia nyumbani kwa Nhembo. Hakuwa ameumizwa na neno lile la mwisho kama watu walivyodhani. Hilo alikwisha kulisikia kwa mumewe miaka mingi. Kilichomshika ni lile la kwanza. Gumba. Katika zeze, gumba hukaa nyuma ya shingo na kazi yake ni kushikilia tu. Hakuna aliyeliomba lipige. Na katika kutazama kwake mikono ya watu, na alikuwa ameitazama sana mwaka ule, hakuwahi kuona mtu mwenye gumba refu. Vidole virefu aliviona. Gumba refu, hapana.

Aliishusha fimbo ya mpingo kutoka mahali pake. Juu kulikuwa na alama nne zilizokaribiana, ambazo mafundi wote walizipimia. Chini sana, peke yake, kulikuwa na ya tano. Yaliyowafundisha watu kuidharau ni mazoea, si Chedego. Sechelela alilaza gumba lake juu ya fimbo, shina la kidole kwenye mwanzo wa fimbo. Ukucha wake ukafika kwenye alama, ukakomea hapohapo. Alipima tena. Gumba la Chedego, aliyenyanyua mtungi kwa vidole vyake, lilikuwa sawasawa na la kwake.

"Baba mkubwa," alisema, "alisema zeze lipimwe kwa fimbo hii. Alisema lipimwe kwa alama nne?"

"Hakusema," Nhembo alikiri. "Lakini gumba moja na gumba moja ni mawili. Utapigia nini kwa magumba mawili?"

Jibu la swali hilo Sechelela hakuwa nalo, na hakulipata kwa kuota ndoto wala kuambiwa na ndege, kama wengine wanavyopenda kusimulia. Alilipata akilima. Jembe lake lilikuwa limechakaa, na lilipogonga jiwe makali yake yalipasuka, ukanda mwembamba wa chuma ukainuka kama ulimi. Alitaka kuubandua kwa gumba. Ukamponyoka, ukalia.

Haukulia kwa sauti nyembamba. Ulikuwa ukanda mfupi kuliko kiganja, lakini ulitoa sauti nzito, ya kifuani, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema. Alisimama palepale katikati ya tuta, akauminya tena na kuuachia. Kisha akaukunja ukawa mfupi zaidi, na sauti ikapanda. Akaunyoosha, ikashuka. Hakumaliza tuta lile.

Sasa kulikuwa na desturi moja. Mtu alipokufa, jembe lake halikurithiwa. Lilining'inizwa chini ya paa la nyumba ya mkubwa wa ukoo, likabaki hapo limechakaa vilevile mwenyewe alivyoliacha, na halikuruhusiwa kugusa udongo tena. Katika nyumba ya Nhembo yalining'inia majembe saba. Sechelela aliingia, akapiga magoti, akasema anayataka.

"Una wazimu," Nhembo alisema.

"Chuma kingine kitatoa sauti, baba mkubwa. Hicho kitatoa sauti zao."

"Jembe la marehemu halirudi ardhini."

"Halirudi ardhini. Linarudi mdomoni."

Mzee aligeukia ukuta. Sechelela hakuondoka. Alikaa palepale sakafuni hadi jua likahama kutoka mlango mmoja kwenda upande wa pili wa nyumba, na hakusema neno jingine, kwa kuwa alilokuwa nalo alikwisha kulisema. Mwishowe Nhembo alizungumza bila kugeuka. "La Masinga ulichukue la mwisho. Na mhunzi asipige nyundo hata mara moja kabla hajaambiwa ni la nani."

Mhunzi aliitwa Magawa, mtu wa maneno machache. Alipoambiwa alichotakiwa kufanya alitazama majembe, akamtazama Sechelela, akasema, "Mikono yangu itaoza." Sechelela akamjibu, "Ikioza, nitakulisha mimi." Magawa akavuta viriba vya kuvuvia moto. Kila jembe lilipoingia motoni Sechelela alilitaja jina la mwenyewe, na kutoka kila jembe ukatoka ulimi mmoja wa chuma, wa Chedego mrefu kuliko wote, wa Masinga mfupi. Mikono ya Magawa haikuoza. Alizeeka nayo.

Sechelela alichonga kisanduku cha mti wa mninga, chenye uwazi ndani, cha kushikika kwa mikono miwili huku magumba yakiwa huru juu yake. Mwanzoni alizipanga ndimi kwa mstari, kama watu wanavyotembea njiani, Chedego kwanza kushoto na Masinga mwisho kulia. Haikufaa. Majina yaliyofuatana yaliangukia gumba moja, likachoka na kujikwaa, huku lenzake likikaa bure. Alizitoa, akazipanga upya, akazitoa tena. Siku ya nne aliziona vingine. Baba hakai mwisho wa mstari. Baba hukaa katikati, na watoto humzunguka kuume na kushoto. Akamweka Chedego katikati, anayemfuata kulia, wa tatu kushoto, na hivyo hivyo hadi ncha zote mbili, ndefu katikati na fupi pembeni. Jina moja kwa gumba hili, linalofuata kwa gumba lile. Hapo majina yakatembea.

Nhembo aliposikia kwa mara ya kwanza hakukasirika, lakini hakuridhika. "Ni wao," alisema, "ila wanasema wazi mno. Mtu aliyelala chini muda wote huo ana udongo mdomoni." Sechelela alitoboa tundu dogo kwenye ubao, akapanda darini, akatoa ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake, akaubandika juu ya tundu. Alipopiga tena, kila sauti ilitoka na mkwaruzo nyuma yake, kama pumzi. Mzee akafumba macho.

Siku ya Kutaja ikafika. Koo zilikaa uwanjani, mazeze yakalia, majina yakatajwa. Zamu ya akina Chedego ilipofika, Sechelela alitembea hadi kwenye kigoda akiwa amekumbatia kisanduku chake, na minong'ono ikapita uwanjani kama upepo ndani ya uwele.

"Kaja na chano cha ugali!" mtu mmoja alisema.

"Zeze liko wapi?" aliuliza mzee wa uwanja.

"Hakuna zeze, baba. Kuna majina."

Alikaa, akaanza. Ili kila gumba limwangukie mtu wake na lisimguse wa jirani, ilimbidi azitazame ndimi, kwa hiyo aliinamisha kichwa, na watu wakadhani anaona haya. Alipofika jina la tano, ukucha wa gumba lake la kulia ulipasuka na damu ikatoka. Hakuongeza kasi wala hakupunguza. Alipiga la sita, akatamka. Alipiga la saba, akatamka, na Nhembo akaitika akiwa amekaa, kwa kuwa hakuweza kusimama bila kushikwa.

Ndipo Chilewa aliposimama, na safari hii hakuwa anatania, kwani wazee wa ukoo wake walikuwa nyuma yake. "Mzee wa uwanja," alisema, "majina tumeyasikia kwa sababu ameyasema kwa mdomo. Hata mimi nikigonga sufuria na kutaja jina, mtalisikia. Tutajuaje kwamba vyuma hivi ni sauti zao?"

Mzee wa uwanja aliona kwamba swali ni la haki. Akaamuru Nhembo ageuzwe, akae akiwapa watu kisogo. Kisha akamwinamia Sechelela na kumwambia, "Funga mdomo. Piga unavyotaka, usifuate mfuatano, wala usitaje mtu. Huyu ndiye mkubwa wa watoto wa Masinga walio hai. Tuone kama atamjua baba yake."

Nhembo alikuwa amesikia ndimi zile mara chache, masikio yake yalikuwa na uzee, na akiitika mahali pasipo pake ukoo ungekwisha asubuhi ile. Sechelela alipiga wa pili. Nhembo hakutikisika. Alipiga wa tano, kisha wa tatu, kisha Chedego mwenyewe, mzito, na kisogo cha mzee kilibaki vilevile. Watu wakaanza kutazamana. Alipiga wa sita. Damu ilikuwa imelowesha ubao, na gumba lilitaka kuteleza. Alilipangusa kwenye nguo yake, akalirudisha, akalilaza juu ya ule ulimi mfupi wa mwisho, akauachia.

Nhembo alisimama wima. Mtu ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiinuliwa kwa kushikwa kwapani alisimama peke yake, mikono yake iliyojikunja ikiwa mbele ya kifua kama ya mtoto aliyeitwa.

"Naam, baba," aliitika.

Mzee wa uwanja hakuuliza tena. Aliligusa lile gumba lenye damu, akapaka kidogo kwenye paji la uso wake, akasema, "Akina Chedego wametaja." Na mtu wa kwanza kupiga vigelegele, tumepokea hivyo na hatubadilishi, alikuwa mama yake Chilewa, kwa kuwa alizaliwa katika nyumba ile.

Na tangu siku hiyo marimba hupigwa kwa magumba, na anayejifunza haulizwi urefu wa vidole vyake. Tangu siku hiyo ulimi mrefu hukaa katikati na fupi humzunguka mkubwa wao kuume na kushoto, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui. Koo nyingine ziliiga, zikaongeza ndimi zao kwa hesabu ya watu wao, ndiyo maana leo marimba hayalingani idadi ya ndimi.

Utamwona pia mpigaji wa marimba ameinamisha kichwa tangu mwanzo hadi mwisho, hata pale watu wanapomshangilia. Wageni hudhani ana aibu, na wapo wanaomwambia ainue uso awatazame watu. Msimwambie hivyo. Ana watu anaowatazama.